Benzi ya Marehemu Inagoma Kuingia P

Sengerema,
18 Januari 2026

Mwanangu Felicitas Kokugonza,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia, maana najua utaniamkia. Mimi ni mzima. Mvua zimekuja, migomba imesimama, na kuku wa jirani yangu Dorcas wanaendelea vizuri isipokuwa watatu, ambao habari zao zitafuata hapo chini. Mama yako nisalimie sana.

Nimeona umenipigia simu mara kumi na nne. Acha kuhangaika. Simu za siku hizi zinakata maneno: mtu anasema hivi, unasikia vile. Mimi nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minane nikiwagombeza watoto wa watu kuhusu matamshi, siwezi kuzungumza na mwanangu kwa chombo kinachoharibu matamshi. Andika barua, mpe Nestory, dereva wa Noah pale stendi, atanifikishia.

Jambo lenyewe ni Benzi ya marehemu baba yako. Unakumbuka Alexander, siku mbili kabla ya kutuacha, alinikabidhi funguo mbele yako akasema nimtunzie, na siku utakapoolewa nikupeleke kanisani kwa gari hilo, mimi mwenyewe nikiwa kwenye usukani. Miaka mitatu nimelitunza. Sasa tangu siku ile niliporudi kutoka kwenu, baada ya kupokea barua ya posa ya akina Malimi, leva ya gia, ile ya sakafuni katikati ya viti viwili, imeharibika tabia. Nikiisukuma mbele iingie P, inagota. Inasimama katikati ya P na R, haisogei tena.

Siku hiyo hiyo nilifika nyumbani, nikaweka P kama kawaida, injini inaunguruma, nikashuka kufungua geti. Gari likarudi nyuma lenyewe, polepole, bila wasiwasi wowote, likaingia kwenye banda la kuku la Dorcas. Ndiyo hao watatu.

Wewe uko mjini na ulisoma sayansi. Ulizia vitabuni. Ila usinitumie fundi. Sitaki fundi ndani ya gari hilo. Na kuhusu ile tarehe 16 Mei, siku ya kuwajibu wakwe, tutaangalia hali ya gari.

Chakula ninakula uji na ndizi za kuponda. Nimeanza Kwaresima mapema mwaka huu.

Mimi baba yako mkubwa,
Mwalimu Deodatus Rweyemamu


Mwanza, Buswelu,
2 Februari 2026

Baba mkubwa, shikamoo.

Mama anakuamkia, anasema na yeye amekupigia simu mara tisa. Mimi kazini kwangu duka la dawa ni mafua tu, Mwanza nzima inapiga chafya. Pole sana na kuku. Mwambie Dorcas tunampa pole.

Lakini baba mkubwa jamani, Kwaresima ya Januari? Nani ameitangaza?

Haya, gari. Nimesoma, nimechunguza, sikiliza. Kwanza kabisa, kuanzia leo usishuke kabla hujakanyaga breki ya kuegeshea, na ukishuka tu weka mawe nyuma ya magurudumu yote mawili ya nyuma. Hilo usinibishie. Pili, chini ya gari kuna rodi inayotoka kwenye leva kwenda kwenye gia boksi. Kila ncha ina bushi, kile kipete kidogo kinachoishikilia isicheze. Bushi zikiisha, leva inasema hiki, gia boksi inasikia kingine. Mtu aingie chini azitikise aone kama zinacheza. Tatu, ukiwa kwenye N, sukuma gari kwa mkono: likisogea kirahisi, basi N ya juu na N ya chini zinaelewana. Nne, na hili ndilo muhimu, fungua kile kifuniko kinachozunguka leva. Kina skrubu nne tu. Chukua tochi, angalia chini yake.

Sasa langu mimi. Tangu ulipoondoka hapa na barua ya posa mfukoni hujanipa neno hata moja juu ya Malimi. Ulicheka naye vizuri tu mezani, ulimaliza nyama yote, ukaniambia tutazungumza. Tarehe 16 Mei wazee wake wanakuja kutoka Kisesa. Unajua ilivyo kwetu Wahaya: wewe ndiye utakayepokea kahawa, utaitafuna mbele yao, utampa baba yake Malimi naye atafune, ndipo utamke kwamba umemkubali mtoto wao. Asipotafuna mkubwa wa ukoo hakuna ndoa, watu watakula wali waondoke. Wasukuma wa watu tumeshawaonya kuhusu kahawa. Baba yake anafanya mazoezi, analalamika ni chungu lakini anaendelea.

Mimi sina baba mwingine wa kunisemea. Nijibu.

Mwanao,
Koku


Sengerema,
22 Februari 2026

Mwanangu Kokugonza,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka samaki, maana Nestory aliiweka pamoja na sato wa mtu. Hata hivyo imesomeka. Nimefurahi mno. Ujuzi huu wa magari umeurithi kwa baba yako, hakuna ubishi! Bushi, rodi, N ya juu na N ya chini! Nimeisoma mara mbili nikasema, Alexander hajafa.

Nimefuata maelekezo yote isipokuwa la nne. Mawe nimeweka. Nilimwita Chenge, fundi wa hapa mtaani, kwa sharti kwamba aingie chini ya gari tu, asitie hata kidole ndani. Alishangaa lakini akaingia. Bushi anasema ni nzima. Basi Chenge akatoa wazo lake: kama leva haitaki kuifuata P, P iifuate leva. Akalegeza nati ya ile rodi, akaisogeza, akakaza. Sasa pale leva inapogota ndipo kwenye P ya kweli. Gari halirudi nyuma tena. Nikampongeza.

Tatizo ni kwamba herufi nyingine nazo zimehama. Jumapili nilipotoka kanisani, kwaya imejipanga upande wa nyuma kupiga picha, mimi nikawasha na kuweka N ili gari lipate moto kidogo. Likarudi nyuma. Kwaya ilitawanyika, sauti ya kwanza huku, besi kule. Hakuumia mtu, ila besi mmoja aliacha kiatu.

Nimelitatua hilo kitaalamu. Nimeandika jedwali kwa wino mwekundu, nimelibandika kwenye dashibodi: ukiona R ni P, ukiona N ni R, ukiona D ni N, na ukitaka kwenda mbele weka S, ile herufi inayofuata D. Nimelikariri. Nikiulizwa usingizini najibu.

Kifuniko sikifungui. Skrubu zake zina kutu na mambo ya ndani ya gari la marehemu si ya kuchokonolewa.

Kuhusu lile lingine, Malimi ni kijana mwenye heshima. Nimemaliza.

Baba yako mkubwa,
Mwalimu Deodatus Rweyemamu


Mwanza,
8 Machi 2026

Baba mkubwa, shikamoo.

Sisi wazima. Mama ameshaanza kuhesabu viti. Barua yako nayo Nestory kaifikisha nusu barua nusu samaki, tumecheka.

Lakini jedwali! Baba mkubwa! Tumeshangaa mpaka tukakaa chini. Unataka kunipeleka kanisani, nimevaa shela, kwa gari ambalo ukitaka kusimama unaweka R na ukitaka kwenda unaweka S? Ukichanganyikiwa kidogo tu unanirudisha nyumbani kwa mama kinyumenyume!

Chenge hakutengeneza kitu, alihamisha ugonjwa. Rodi hupangwa hivi: leva iwe kwenye N, gia boksi iwe kwenye N, ndipo ukaze nati. Basi. Lakini hata ukipanga leo, haitasaidia, na nitakuambia kwa nini. Leva iliyochakaa hulegea kila mahali. Leva yako iko imara kila mahali, inagota sehemu moja tu, tena siku zote palepale. Hiyo haijachakaa. Hiyo imezuiwa. Kuna kitu kigumu kimekaa mbele yake chini ya kifuniko. Kwa hiyo naomba unijibu swali moja: siku ile ulipotoka kwetu, njiani, kuna kitu kilianguka?

Na lingine. Dorcas alikuja Mwanza kununua mabati ya banda, akapita dukani. Anasema tangu Januari husomi tena somo kanisani. Wewe! Uliyekuwa ukisoma mpaka wa nje wanasikia bila spika! Anasema ukikutana na watu unatikisa kichwa tu na kuweka leso mdomoni. Alikuletea nyama ya mbuzi ukamrudishia. Unaumwa? Niambie kama unaumwa. Silali vizuri.

Mwanao,
Koku


Sengerema,
29 Machi 2026

Felicitas,

Marahaba. Mimi si mgonjwa. Dorcas anajua kuku, akae kwenye kuku.

Unauliza kama kuna kitu kilianguka. Hakuna kilichoanguka. Narudia: hakuna. Ninaomba swali hilo lisiletwe tena, wala kwa barua wala kwa mdomo. Halafu unasema "tumeshangaa". Wewe na nani? Mambo ya gari nimekuandikia wewe.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafakari tarehe 16 Mei. Nimefikia uamuzi ufuatao. Nitakuja, nitakaa kwenye kiti cha mbele, nitavaa koti. Lakini maneno nitamwachia Nestory ayaseme kwa niaba yangu, na kahawa atatafuna yeye. Ana sauti nzuri, amezoea kuita abiria. Mimi nitatikisa kichwa kukubaliana naye.

Wakikuuliza kwa nini, sema mzee amechoka.

Baba yako mkubwa,
D. Rweyemamu


Mwanza,
12 Aprili 2026

Baba mkubwa,

Shikamoo. Huku wazima.

Nestory? Nestory si wa ukoo wetu. Nestory hata si Mhaya, ni Mkerewe wa watu aliyeona posta imekuwa mbali akatusaidia kubeba bahasha. Ndiye akatafune kahawa yangu? Ndiye akawaambie watu wa Kisesa kwamba binti wa Alexander Rweyemamu ana kwao?

Nimeelewa, baba mkubwa. Sikuwa mjinga, nilikuwa tu sitaki kuelewa. Mtu hapokei simu miezi mitatu. Hasemi neno juu ya mchumba. Ana gari bovu na hataki fundi. Hutaki litengenezwe. Likitengenezwa itabidi uje, na ukija itabidi utamke, na wewe hutaki kumtamkia Malimi.

Kama humtaki, sema. Kwamba ni Msukuma, sema. Kwamba anavaa ovaroli, sema. Baba angesema. Nitalia wiki moja nitanyamaza. Lakini usiniwekee dereva wa Noah kwenye kiti cha baba yangu.

Wazee wa Malimi wameuliza mara mbili kama kweli nina mkubwa. Nimewaambia unaumwa koo. Nimedanganya wakwe kwa ajili yako. Wakiuliza mara ya tatu nitawaambia wasije.

Felicitas


Sengerema,
15 Aprili 2026

Mwanangu Koku, mwanangu wa pekee,

Barua yako imefika asubuhi. Sasa ni saa tano usiku na nimeandika na kuchana karatasi sita. Hii ya saba naituma kama itakavyotoka.

Wewe umeniumiza, lakini mimi ndiye niliyeanza. Simkatai Malimi! Mungu wangu! Barua yake ya posa nimeisoma mara tatu, sikupata kosa hata la nukta, na wewe unajua mimi nikitafuta kosa ninavyotafuta. Nilipoondoka kwenu siku ile nilikuwa naimba. Nilivuka lile daraja jipya la ziwani nikiimba. Na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Nilipomaliza kuvuka, pale Busisi, nikanunua mahindi ya kuchoma. Nilisimamisha gari kando nikawa nalitazama daraja. Nikawaza vivuko tulivyokuwa tukivisubiri mimi na baba yako, tukilala kwenye foleni ndani ya gari hilohilo, na sasa unavuka hata wimbo haujaisha, na yeye hayupo kuliona. Nikawa nakula huku machozi yananitoka. Punje ikaingia chini ya meno.

Sasa nakuambia jambo ambalo kwenye dunia hii walilijua marehemu mke wangu na daktari mmoja wa Bukoba tu, naye amestaafu. Meno yangu ya juu si yangu. Yote. Tangu mwaka nilipostaafu.

Nikayatoa niyafute. Nikayaweka kwenye leso, leso nikaiweka pale kando ya leva. Nikaondoa gari. Sikwenda mbali, mbuzi akakatiza. Nikakanyaga breki. Leso ilibaki, meno yakaenda. Kile kipande cha plastiki kinachoziba mfereji wa leva kiliisha zamani, pana tundu. Yakaingia humo mazima mazima. Mimi kwa taharuki nikasukuma leva iingie P nisimame niyatafute. Nikasikia kitu kinasema kwa! Hapo ndipo yalipo mpaka leo. Benzi ya baba yako imeyang'ata.

Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Nimejaribu kuyavua kwa waya na ndoano ya sato, nikapata karatasi ya peremende. Nimejaribu skrubu, ya kwanza nikaiharibu kichwa. Nikimpa Chenge akayakuta, kabla jua halijazama Sengerema nzima inajua, mpaka wanafunzi wangu wa zamani ambao sasa ni maofisa. Kutengeneza mengine, kliniki ya hapa mapokezi anakaa Queen, binti wa Dorcas. Na kwenye simu ningetamka nini? Jaribu kusema "Felicitas" bila meno ya juu. Mimi nimejaribu mbele ya kioo, nikazima taa.

Na kahawa, mwanangu. Hilo ndilo lililokuwa likininyima amani. Mzee wa Kisesa anafanya mazoezi ya kutafuna kahawa yetu, na mimi mwenye kahawa sina cha kutafunia!

Niliona bora unione mkaidi kuliko unione kibogoyo. Nilikosea. Nisamehe. Usiwaambie wasije. Tarehe 16 Mei nitakuja hata kwa miguu, hata bila jino. Kahawa nitaimumunya. Maneno nitayatamka yatoke yatakavyotoka, na atakayecheka acheke. Kiti cha Alexander hakikaliwi na Nestory.

Barua hii ichome.

Baba yako mkubwa,
Deodatus


Mwanza,
1 Mei 2026

Baba mkubwa wangu, shikamoo, shikamoo tena!

Nimeisoma barua yako stoo, nyuma ya maboksi ya dawa ya kikohozi. Nimelia. Halafu nilipofika kwenye ndoano ya sato nimecheka mpaka bosi akaja kuangalia kama nimezimia. Nisamehe kwa kucheka. Nisamehe na kwa yale niliyoandika. Nilikuwa naona unanikana, kumbe umeng'atwa na Benzi.

Sasa na mimi nina langu la kuungama. Ule ujuzi nilioambiwa nimeurithi kwa baba, sina. Mimi rodi naijua ya mapazia. Kila nilichokuandikia, bushi, N ya juu na N ya chini, skrubu nne, vyote aliniambia Malimi. Gia boksi ndiyo kazi yake. Barua zako za gari nilikuwa namsomea, yeye anajibu, mimi naandika kama zangu, kwa sababu ulisema hutaki fundi, na nilihofu ukijua fundi mwenyewe ndiye mchumba utasema huyo anatafuta kukalia gari kabla hajakalia kiti. Ndiyo maana ya "tumeshangaa". Aliyeshangaa hasa ni yeye. Jedwali lako alilinakili, anasema ni mara ya kwanza kuona ugonjwa umeandikiwa mwongozo.

Hii barua ya mwisho sijamsomea. Nimemwambia tu kwamba kweli kuna kitu, na ni cha siri. Akanijibu, "Mimi sihitaji kukijua, nahitaji bisibisi." Barua hii anakuletea yeye mwenyewe kesho Jumamosi. Ndiye huyo aliyesimama mbele yako sasa na begi la vifaa. Tafadhali mwache aingie.

Na hata kama hayatapatikana, njoo. Njoo kibogoyo. Nitakupondea kahawa mimi mwenyewe.

Mwanao,
Koku


Sengerema,
Jumapili, 3 Mei 2026

Mwanangu Kokugonza,

Marahaba nyingi. Dorcas anakusalimu, banda jipya limekamilika na kuku wamehamia, wananitazama kwa wasiwasi.

Malimi alifika jana saa nne. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanipa barua, akatazama migomba mpaka nilipomaliza kuisoma. Nilitaka kuongea nikakumbuka hali yangu, nikaonyesha gari kwa kidole. Hakuniuliza kwa nini nimeziba mdomo. Chenge alikuja mbio kutaka kuona, Malimi akamtuma sokoni kutafuta grisi, na grisi alikuwa nayo kwenye begi.

Kisha akafika kwenye jedwali langu pale dashibodi. Akalisoma lote. Akaniomba ruhusa ya kulibandua, akanikabidhi kwa mikono miwili akasema, "Mzee, jedwali halina kosa. Gari ndilo lilikosea." Koku, kijana huyu amelelewa.

Skrubu niliyoiharibu ilimpa kazi nusu saa. Kifuniko kilipotoka aliinamisha kichwa, akachungulia, halafu akatoka nje ya gari moja kwa moja. Akasema, "Baba, chako kipo. Njoo ukichukue mwenyewe." Nilipogeuka nikamwona amesimama anatazama ukuta wa banda la kuku, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Akabaki hivyo mpaka nilipoyatoa, nikaenda ndani, nikayaosha kwa maji ya moto, nikayavaa.

Meno mawili ya mbele yamesagika. Leva iliyapiga sawasawa. Kwa hiyo pana mlango, na kila nikifika kwenye S inapigwa filimbi. Tarehe 16 watu wa Kisesa watasikia filimbi. Wasikie.

Pale chini palikuwa na kitu kingine. Kibanio chekundu cha nywele. Unakumbuka ulipokuwa na miaka sita, mimi nikakushtaki kwa baba yako kwamba umekitupa dirishani makusudi, ukanyimwa soda safari nzima hadi Bukoba, na wewe ukalia ukisema kilianguka tu? Kilianguka tu, mwanangu. Nimekiweka kwenye bahasha hii. Soda yako utainywa mezani kwa wakwe, na nitawaeleza kwa nini.

Baadaye Malimi akaingia chini, akaweka N na N, akakaza nati. Akanipa usukani. Nimeweka P, limetulia. Nimeweka R, limerudi. Nimeweka D, likaenda mbele mpaka barabarani na mimi nikapiga honi bila sababu yoyote.

Tuliporudi nilimwambia akae. Nikaleta kahawa. Sikungoja tarehe 16. Nilichukua punje yangu, nikampa yake, nikatafuna polepole upande wa kushoto, yeye akatafuna huku macho yanamtoka kwa uchungu lakini hakutema. Nikamwambia kwa sauti yangu, na filimbi yake, kwamba nimemkubali. Akainama. Hakucheka hata kidogo. Alicheka alipofika nje ya geti, nilimsikia, na mimi nikacheka huku ndani.

Tarehe 16 nitayarudia yote mbele ya wazee. Hata Alexander akinisikia huko aliko atajua ni mimi.

Barua sasa basi. Ukimaliza kusoma hii nipigie simu, nitapokea. Nataka kuliita jina lako.

Baba yako,
Deodatus